Je, Watu Wamezidi Kazi?



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo halikwisha. Mwenyekiti aliliahirisha kwa kuwa jua lilikuwa limekuchwa, na wenzetu wakaao mbali walitaka kurudi makwao. Jambo lenyewe ni hili. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye miaka mingi kazini na ambaye maneno yake hayadharauliwi, alisimama akatoa shauri kwamba chama chetu kiwaandikie wakubwa, kuomba wale vijana wanaojitolea katika afisi, mashule na zahanati waambiwe waende zao. Sababu zake alizieleza kwa adabu: kwamba vijana hao wafanya kazi pasipo mshahara kwa kutumaini kuajiriwa; kwamba nafasi za kuwaajiri hazipo; kwamba mashine mpya za kuandika na kuhesabu zinaingia; na kwamba kuwapo kwao kwawafanya wakubwa wadhani ya kuwa kazi yaweza kufanywa bure. Kisha akamaliza kwa neno ambalo wengi walilipigia makofi, akasema: "Dunia ya leo ina watu wengi kuliko inavyowahitaji."

Twaona yafaa tulijibu neno hilo kabla ya mkutano ujao, maana shauri litapigiwa kura, na neno likiisha kupigiwa makofi huwa gumu kuliondoa. Hatusemi kwamba mwenzetu ana nia mbaya. Baadhi ya aliyoyasema ni kweli, nasi tutayakubali mahali pake. Lakini lile neno la mwisho twalikataa, na tutaeleza kwa nini.

Yatupasa kwanza kuuliza: watu wamezidi nini? Mtu akituambia kwamba viti vimezidi, twafahamu ya kuwa amevihesabu viti, akawahesabu na wageni. Lakini asemapo kwamba watu wamezidi, hatuambii amewapima kwa kipimo gani. Wamezidi chakula? Wamezidi ardhi? Wamezidi kazi iliyopo ya kufanywa? Au wamezidi fedha iliyotengwa kwa kuwalipa? Haya ni mambo manne mbalimbali, na mtu akiyachanganya hapati njia.

Habari ya chakula ni ya zamani. Mwaka 1798 kasisi mmoja Mwingereza, Thomas Malthus, alitoa kitabu ambamo alieleza ya kuwa watu huongezeka upesi kuliko chakula, hata njaa na maradhi huja kuwapunguza. Wakati ule watu wote wa dunia walikuwa hawajatimia milioni elfu moja. Tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulihesabu ya kuwa wametimia milioni elfu nane. Njaa bado ipo, wala si jambo la mzaha; lakini siku hizi aghalabu huja kwa vita, kwa ukame na kwa kukosa fedha ya kununulia, wala si kwa sababu dunia nzima imekosa nafaka. Basi hilo tuliweke kando. Mwenzetu hakusema habari ya chakula. Alisema habari ya kazi.

Na katika habari ya kazi, ni mahali pachache katika nchi yetu panapoweza kutufundisha kama Tanga. Watumishi wanaijua Tanga kwa sababu ndipo mwaka 1922 Waafrika wenye kazi za serikali, wakiongozwa na Martin Kayamba, walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika. Walikuwa makarani na walimu, watu wachache waliojua kusoma na kuandika, nao walitakiwa sana. Lakini kuuzunguka mji ule ule walikuwako watu wengine, wengi wao wasiojua kalamu, ambao walitafutwa zaidi yao. Hao ni watu wa mkonge.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Yasimuliwa kwamba katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Marekani, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyoenea bonde la Pangani, Korogwe, Muheza hata njia ya reli. Na tangu wakati wa Wajerumani hata wakati wa Waingereza, kilio cha wenye mashamba kilikuwa kimoja: mikono haitoshi. Mtu aliyekuwa na mtama ghalani na mbuzi zizini hakuona sababu ya kuacha mji wake akakate majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Basi zikatafutwa njia za kumfanya aione sababu hiyo. Mwaka 1897 ilitangazwa kodi ya nyumba, na mwenye kutaka fedha ya kodi alilazimika kwenda mahali fedha ilipo. Waandikishaji walitumwa Ubena, Ungoni na Uha. Walivuka mipaka wakawachukua watu wa Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda afisi yao wenyewe ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Waliosafirishwa walipewa namba, wakaitwa manamba. Kipande cha mtu kilikuwa cha siku 30 za kazi, na mshahara hakuupata mpaka siku hizo zimetimia.

Fikirini jambo hili, ndugu. Ilisemwa kwamba watu ni wachache, na hali hawakupungua popote. Ubena ilikuwa na watu wake, na Uha ilikuwa na watu wake, wakilima na kujenga na kulea watoto. Kilichokuwa kichache ni watu waliokubali ujira ule kwa kazi ile. Neno "upungufu wa watu" maana yake ilikuwa "upungufu wa watu rahisi".

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1964 nchi ilitoa katani ipatayo tani 230,000, ambayo haijapata kufikiwa tena. Lakini huko Ulaya na Marekani viwanda vilikwisha kujua kutengeneza kamba za plastiki, na mkulima wa kule aliyefungia majani ya ng'ombe wake kwa katani yetu akaanza kuyafungia kwa kamba hizo. Bei ikaanguka. Mashamba mengi yakatwaliwa na serikali mwaka 1967, lakini kutwaliwa hakukuirudisha bei, na uendeshaji wenyewe ulikuwa na makosa yake. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1990 katani yote ya nchi ilikuwa tani 20,000 hivi. Mashine za kukamulia zilinyamaza, magugu yakaota katikati ya mistari ya mkonge, na makambi ya manamba yakabaki na wazee ambao hawakuwa na nauli ya kurudi kwao, na watoto ambao hawakujua kwao ni wapi.

Mikono iliyoitwa haitoshi sasa ikaitwa imezidi. Je, watu hao walizaliwa kwa wingi mno katika usiku mmoja? La. Walikuwa ni wale wale. Kilichobadilika ni bei ya kamba katika nchi ambayo wao hawakupata kuiona. Hapa twapata jibu letu la kwanza: uchache wa watu na wingi wa watu, katika daftari la mwenye mali, si hesabu ya watu. Ni hesabu ya faida. Mtu yule yule aweza kuwa haba leo na kuwa ziada kesho, naye hajaongezeka wala kupungua.

Yamkini mwenzetu atatujibu hivi: hayo ni ya mkonge, lakini leo jambo ni la mashine, na mashine hairudi nyuma. Atatukumbusha habari ya farasi. Katika Marekani, mnamo mwaka 1915, farasi na nyumbu walikuwa zaidi ya milioni 25. Walilima, walivuta magari, walibeba mizigo. Ikaja trekta na motokaa, na mwaka 1960 walisalia milioni 3 hivi. Farasi hawakupata kazi nyingine. Wataalamu kadhaa, akiwamo Wassily Leontief aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973, walionya ya kuwa yaliyompata farasi yaweza kumpata mwanadamu.

Hoja hii ni nzito, wala hatutaipita kwa kicheko. Mashine hunyang'anya kweli. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ulipanda reli ukaenea bara, na serikali ikalazimika kuwasikiliza, kwa sababu hakuna gunia lililoshuka melini pasipo bega la mtu. Miaka 9 baadaye, mwezi wa Aprili 1956, meli iitwayo Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makasha 58 ya chuma, yakapakiwa na kushushwa kwa winchi. Leo bandari zote kubwa hufanya hivyo, na kasha moja huinuliwa kwa dakika chache likiwa na mzigo ambao zamani ungewatoa jasho watu wengi kutwa nzima. Mabega hayahitajiwi tena kama zamani, na pamoja na mabega imeondoka nguvu ya kusema "hatufanyi mpaka mtusikilize". Asemaye kwamba mashine haimdhuru mtu hajapata kuwa kuli.

Lakini mtu si farasi, na tofauti yao haiko katika akili peke yake. Farasi hakuwa na haja zake mwenyewe sokoni. Hakununua shuka, hakumpeleka mwanawe shule, hakupiga kura. Alikula alichopewa na bwana wake, na bwana alipoacha kumhitaji hapakuwa na mwingine wa kumtetea. Mtu hufanya kazi, naye pia ndiye ambaye kazi hufanywa kwa ajili yake. Kila mtoto azaliwaye aleta mikono miwili, na pamoja nayo aleta haja ya nguo, ya dawa, ya mwalimu na ya paa. Kwa hiyo watu hawawezi kuwa wengi kuliko kazi, maana wao wenyewe ndio kazi. Watu wakiwa wengi, na kazi ya kuwahudumia watu imekuwa nyingi.

Tazameni pia nchi ya Ujapani. Ikiwa mashine ndizo zinazowafanya watu wazidi, basi Ujapani, nchi iliyojaa mashine za kila namna, ingekuwa ya kwanza kulia kwamba ina watu wa ziada. Kumbe kilio chake ni kinyume. Watu wake walifika milioni 128 mnamo mwaka 2008, na tangu hapo wanapungua. Vijiji vimebaki na wazee, shule zimefungwa kwa kukosa watoto, na mwezi wa Aprili 2019 sheria mpya ilifungua mlango kwa wafanyakazi wa kigeni waende kuwatunza wazee, kulima na kujenga. Korea ya Kusini hali yake ni kali zaidi: mwaka 2023 hesabu ya watoto kwa kila mwanamke ilikuwa 0.72, hali watu hawawezi kubaki idadi ile ile isipokuwa hesabu hiyo ikaribie 2.1. Nchi hizo zenye mashine nyingi zinaona watu wanapungua mno, nasi tulio na mashine chache twasema watu wamezidi. Basi mashine peke yake si jibu. Liko jambo jingine katikati.

Jambo lenyewe twadhani ni hili: haja isiyo na fedha haisikiki sokoni. Mzee wa Ujapani ana akiba na ana pensheni. Haja yake ya kutunzwa husikika mpaka ng'ambo ya bahari, na watu huvuka maji kuiitikia. Mzee wa Handeni ana haja ile ile, viungo vyamuuma vile vile, lakini haja yake haina fedha, basi soko halina masikio ya kuisikia. Na kijana ambaye angeweza kumtunza yuko barazani, ameketi, naye huitwa mtu wa ziada. Hapo kazi ipo na mfanyakazi yupo. Asiyekuwapo ni mlipaji.

Tulete sasa jambo hili nyumbani. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 katika Tanzania. Ya mwaka 2012 ilihesabu milioni 44.9, na ya mwaka 2022 milioni 61.7. Hivyo katika miaka 10 tu waliongezeka watu karibu milioni 17. Hatulifichi jambo hili, wala hatusemi ni jepesi. Kila mwaka vijana wengi hutoka mashuleni na vyuoni wakiwa na vyeti mkononi. Mwezi wa Juni 2014 zilitangazwa nafasi 70 za kazi katika idara moja ya serikali, na waliofika uwanja wa michezo Dar es Salaam kwa usaili walizidi 10,000. Mtu aliyeutazama uwanja ule angesamehewa kusema kwamba watu wamezidi.

Lakini mtu huyo huyo angeondoka uwanjani akaenda mpaka shule ya msingi iliyo pembezoni mwa mji. Kipimo kilichowekwa na serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu ada ilipoondolewa mashuleni mwaka 2016, wengi wetu tumeona kwa macho yetu madarasa yenye watoto mara mbili ya hao, wengine wameketi sakafuni, na mwalimu amesimama mlangoni kwa kukosa mahali pa kukanyaga. Katika mji huo huo wako walimu waliofuzu wanaoendesha bodaboda. Nani basi amezidi hapo? Watoto hawajazidi, maana hakuna mzazi aliyewaambia wasije. Walimu hawajazidi, maana darasa lawangoja. Kilichopungua ni fungu la mshahara, na fungu la mshahara halikushuka kutoka mbinguni. Hupangwa na watu, katika vyumba ambamo baadhi yetu huingia na majalada kwapani.

Na katika fungu hilo hilo twajua yaliyotokea. Mwaka 2016 serikali ilipohakiki orodha za mishahara iliwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000. Maana yake ni kwamba walikuwako zaidi ya 10,000 waliolipwa wasiokuwapo, na wakati huo huo walikuwako vijana wanaojitolea ambao walikuwapo wala hawalipwi. Jina lisilo na mtu lilikuwa na mshahara, na mtu asiye na jina katika daftari hakuwa nao. Kama chama chetu kingetafuta wa kuwafukuza kwa sababu wamezidi, tungeanza na majina hayo, wala si na vijana.

Hapa yatupasa tujiangalie wenyewe. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi kwa kufuata masharti ya mataifa na mabenki yaliyotukopesha. Maelfu walirudi nyumbani na kiinua mgongo ambacho wengi hawakukaa nacho mwaka. Wakati ule neno lililotumika ni hilo hilo: ziada. Makarani waliambiwa wamezidi, matarishi wamezidi, wauguzi wasaidizi wamezidi. Wazee wetu waliokuwa kazini wakumbuka kwamba foleni za wagonjwa hazikupungua kwa sababu ya barua zile. Wagonjwa hawakupunguzwa; walipunguzwa wahudumu. Basi sisi tuliokwisha kuitwa kwa jina hilo tulitumieje kwa wengine? Wahenga walisema, ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji.

Maana wembe umekwisha kutoka alani. Ile mashine ambayo mwenzetu aliitaja, iitwayo akili mnemba, ukiiambia ikuandikie barua huiandika, na ukiipa taarifa ndefu huifupisha kabla chai haijapoa. Wachapaji tuliwaona wakipungua ilipoingia kompyuta. Sasa ni zamu ya kalamu yenyewe. Iwapo chama chetu kitakubali leo kanuni kwamba asiyehitajiwa na daftari aondoke, kanuni hiyo haitasimama mlangoni pa vijana. Itapita, itaingia chumba cha masijala, itaingia cha uhasibu, na siku itakapofika kwetu hatutakuwa na neno la kujitetea, kwa kuwa sisi ndio tuliolitia sahihi.

Mwaka 1930 mtaalamu wa uchumi wa Kiingereza, John Maynard Keynes, aliandika ya kuwa katika miaka 100 mashine zingemwezesha mtu kufanya kazi saa 15 tu kwa juma. Miaka hiyo 100 yatimia mwaka 2030, na saa 15 hazionekani. Lakini hakukosea kabisa. Katika nchi kama Ujerumani mtu hufanya kazi kwa mwaka saa zisizofika nusu ya zile za mwaka 1870, naye ni tajiri kuliko babu yake. Faida ya mashine iligawanywa kidogo, ikawa mapumziko na siku za likizo. Haikugawanywa kwa huruma ya mashine. Iligawanywa kwa sababu wafanyakazi walikuwa na vyama, vyama vikadai, na sheria zikatungwa. Hilo ndilo fundisho la chama chochote cha wafanyakazi, nacho chetu ni kimoja wapo. Mashine ikifanya kazi ya watu wawili, liko swali ambalo haliwezi kujibiwa na fundi: je, mmoja afukuzwe, au wote wawili wapate nafasi ya kufanya lile lililokuwa halifanyiki?

Na katika kazi ya serikali, lile lisilofanyika ni jingi. Tutasimulia jambo moja tulilolishuhudia katika afisi ambayo hatutaitaja. Mzee mmoja mstaafu alikuja mara tatu kufuatilia mafao yake, akitoka kijijini kwa basi, na kila mara aliambiwa jalada lake halionekani. Mara ya nne alimkuta binti anayejitolea, aliyeletwa pale wiki chache nyuma. Binti yule alimkalisha, akamwambia, "Shikamoo babu, ngoja nikatazame." Aliingia stoo, akakaa humo kutwa nzima katika vumbi, akatoka na jalada, lilikuwa limewekwa chini ya jina la baba yake mzee. Kisha, kwa kuwa hapana aliyemzuia, akaendelea kuyapanga majalada yote ya stoo ile kwa muda wa miezi miwili. Binti huyo hakupewa hata nauli. Kwa hesabu ya daftari yeye ni ziada. Kwa hesabu ya yule mzee, ni nani aliyekuwa wa ziada katika afisi ile?

Soko halina sikio la kumsikia mzee wa namna hiyo, ndiyo maana pana serikali na pana watumishi wake. Muuguzi wa zahanati, mwalimu wa darasa la kwanza, bwana shamba na karani wa mafao wote wamewekwa waitikie haja isiyoweza kujilipia. Duka likisema kwamba watu wamezidi, twafahamu. Duka huhesabu wanunuzi. Lakini mtumishi wa umma akisema hivyo, ameikana kazi yake, maana watu hao anaowaona wamezidi ndio hasa aliowekwa kuwatumikia.

Sasa turudi kwenye shauri lenyewe. Tulisema ya kuwa mwenzetu ana ukweli katika baadhi ya maneno yake, na huu ndio: kazi ya bure ina ubaya. Humchosha kijana, huwafungia mlango watoto wa maskini wasioweza kukaa mwaka mzima pasipo chochote, na huwazoeza wakubwa kupata bila kulipa. Wenye mashamba ya mkonge walitafuta watu rahisi. Tusikubali serikali yetu itafute watu wa bure. Lakini dawa ya ubaya huo si kumfukuza anayedhulumiwa. Mtu akikuta mwenzake anabebeshwa mzigo pasipo ujira, hamwambii aondoke njiani. Humtafuta mwenye mzigo.

Kwa hiyo badala ya shauri lile twapendekeza lingine, lenye mambo matatu, nalo twaomba lisomwe katika mkutano ujao. La kwanza, chama kiombe kila anayejitolea apewe barua, posho ya chakula na nauli, na muda maalumu usiozidi mwaka mmoja. Na nafasi itakapotangazwa, kazi aliyokwisha kuifanya ihesabiwe. La pili, chama kiombe kwamba kila afisi itakapoleta mashine ya kupunguza kazi, ieleze kwanza kwa maandishi kazi gani iliyolala itafanywa na watumishi watakaopata nafasi, nao wafundishwe kabla, wala wasiambiwe siku ya mwisho. La tatu, ambalo ni letu wenyewe: kila tawi lihesabu katika wilaya yake madarasa yasiyo na walimu, zahanati zisizo na wauguzi na majalada yasiyoshughulikiwa, lituletee hesabu hiyo. Wakubwa wana hesabu ya watu wanaotafuta kazi. Tuwapelekee na hesabu ya kazi zinazotafuta watu, tuziweke mbili hizo mezani pamoja.

Hatudai kwamba mambo haya yatawaajiri wote waliofurika uwanja ule. Nchi yetu bado ni maskini, kodi ni chache, na wengi wa vijana wetu watapata riziki yao katika shamba, katika biashara na katika ufundi, si katika afisi. Fedha ya kuwalipa watu lazima itoke mahali, nasi tulio na mishahara hatuna budi kukubali kwamba pengine itatoka katika posho za safari na vikao tunavyovipenda. Hilo ni gumu kuliko kupiga makofi. Lakini kusema "fedha hazitoshi, tuzigawe vizuri zaidi" ni maneno ya mtu anayetafuta njia, na kusema "watu wamezidi" ni maneno ya aliyekwisha kuacha kuitafuta.

Tarehe ya mkutano mmekwisha kupewa na makatibu wa matawi. Twawasihi wote wafike, hasa wale waliopiga makofi, maana twapenda kusikia majibu yao. Na kama mwenyekiti ataruhusu, twaomba vijana wanaojitolea nao waalikwe waketi pamoja nasi siku hiyo. Si vema watu wazungumzwe kana kwamba wamezidi, hali hawajapewa hata kiti cha kusikilizia.